Punje Tisini

Kangemi, Nairobi
12 Januari 2025

Baba Mkubwa Muasya,

Salamu nyingi. Nimeona nirudi kwenye barua, kwa sababu Jumapili nilikupigia simu mara tatu na mara zote tatu ulinijibu kwamba mbuzi ni wazima. Sikuwa nimeuliza mbuzi. Masikio yako yameshaaga, tusidanganyane. Barua hii nimempa Haron, kondakta wa basi la Mwingi. Ukijibu mpe yeye, atanifikishia.

Nimepata kazi. Ni klabu moja ya kulenga shabaha kwa mishale, huko Spring Valley, mahali watu wenye nafasi hucheza Jumamosi. Mimi ndiye mtunza vifaa. Nafuta pinde, nazipaka mafuta, nabadilisha upote wa kuvutia ukilika, na jioni natafuta mishale iliyopotelea kwenye nyasi. Waliona nashika upinde kama mtu anayejua, lakini hakuna aliyeuliza nilifundishwa na nani.

Sasa nina ombi. Mwanachama mmoja ana upinde wa kwetu, mrefu kunipita, wa mti wa mkole, mshiko umefungwa ngozi ya mbuzi na juu ya mshiko kuna doa jeusi la kuungua. Ni mgumu, mimi naufikisha kidevuni kwa shida. Anataka mishale sita ya kienyeji kwa mashindano ya tarehe 22 Februari. Ila anaitaka iwe myepesi sana, ya punje hamsini hivi kwa mizani yako ya mahindi. Anasema myepesi inaenda mbali.

Nisaidie, Baba Mkubwa, na usichelewe. Msalimie mama, mwambie nitakuja Pasaka.

Mimi mwanao,
Kavutha

*

Mwingi
19 Januari 2025

Mwanangu Kavutha,

Barua nimeipata. Haron aliifunga pamoja na spea za pikipiki, inanuka petroli, lakini nimesoma yote. Masikio yamekwenda kweli, ila macho yapo na kichwa kipo.

Nianze na mishale, halafu tuje kwenye uongo wako.

Mtu hachagui uzito wa mshale kwa kupenda. Upinde ndio unaochagua. Unauvuta, bega linakuambia ni wa namna gani, ndipo unakata ufito. Wewe umekaa uani kwangu tangu una miaka saba ukinihesabia punje za mahindi, na mizani yangu unaijua: kijiti, kamba ya katani, mshale upande huu na punje upande ule. Upinde wa mtoto, punje arobaini. Wa kuwindia kanga, sitini. Upinde kama huo unaoniandikia ni punje tisini, na ukizidi kubana, themanini na tano.

Punje hamsini kwenye upinde huo ni wazimu. Mshale mwepesi unaondoka kabla mti haujamaliza kutoa nguvu zake, na nguvu iliyobaki haina pa kwenda, inarudi kwenye mti. Mara ya kwanza upinde unapiga kelele na mkono unakufa ganzi. Mara ya tatu au ya nne unavunjika, tena karibu na uso wa aliyeushika. Nilimjua mtu wa Nuu aliyepoteza jicho hivyo. Haya nilikufundisha mwenyewe, na siku hiyo uliuliza maswali mpaka nikachoka. Kwa hiyo usiniambie mambo ya kwenda mbali.

Sasa uongo. Doa hilo jeusi nililiunguza mimi, mwaka ulioanza shule, kipande cha chuma kiliponiponyoka motoni kikaangukia mti. Upinde huo nilimchongea ndugu yangu Kitonga, baba yako. Alipotoka jela alituambia umepotea na hakutaka kuulizwa zaidi.

Uko mkononi mwa nani?

Baba yako mkubwa,
Muasya

*

Kangemi
27 Januari 2025

Baba Mkubwa,

Uko mkononi mwa Norman Kiragu.

Najua kisa unakijua, lakini niache nikiandike, maana nikinyamaza nahisi nitapasuka. Baba alilinda lango la huyo mtu Lavington miaka kumi na moja. Jumapili moja mchana Norman alikuwa na wageni, wanachoma nyama, akamwita baba alete upinde awaonyeshe. Norman akavuta mwenyewe, akaachia, mshale ukapita juu ya ua ukamwingia paja Zachariah, mtunza bustani wa jirani. Norman akaingia ndani na wageni wake. Polisi walipofika waliinua mshale wakauliza, "Huu ni wa nani?" Baba akaangalia alama yake, akasema, "Ni wangu."

Basi. Hakuna aliyeuliza nani alipiga. Mahakamani Norman akasema alikuwa ndani ya nyumba, hakuona wala hakusikia. Zachariah alikuwa ameinamia maua, hakuona mtu. Baba alikula miaka miwili, akatoka na kile kifua, na baada ya miezi kumi na minne tukamzika.

Siku ya kwanza nilipomwona Norman anautoa upinde kwenye mfuko wake, nililitambua doa lile papo hapo. Anawaambia watu klabuni ulikuwa wa babu yake, eti alipigania nao msituni. Wanatikisa vichwa, wanaugusa kwa vidole viwili kama Biblia. Mimi ananiita Vutha. Hanijui. Huwa ananipungia mkono bila kuniangalia, kama alivyokuwa akimpungia baba pale langoni.

Wewe umesema mara ya tatu au ya nne. Nataka iwe mbele ya watu, Baba Mkubwa. Nataka umvunjikie usoni, huo huo upinde. Jicho likienda, liende. Zachariah nimemtafuta, nimemwalika siku hiyo aje aone, ingawa sijamwambia ataona nini. Bado anachechemea.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi ya sheria za mashindano. Norman mwenyewe ndiye aliyezitunga, anataka kila kitu kiwe cha asili. Ameleta mpaka waamuzi kutoka kwetu. Isome uone jinsi watu hawa wanavyocheza na vitu vyetu.

Nitumie ya punje hamsini. Usipofanya kwa ajili yangu, fanya kwa ajili ya ndugu yako.

Kavutha

*

Mwingi
6 Februari 2025

Mwanangu,

Karatasi nimeisoma mara nne. Mara ya nne niliisoma nimesimama.

Mishale sita iko kwenye mfuko huu wa plastiki. Sijalala vizuri wiki nzima kwa ajili yake. Manyoya ni ya bata mzinga wa mchungaji, vigumba vya ncha nimevifua kwa misumari ya inchi sita. Mpe huyo mtu kama ilivyo. Usiiguse kwa kisu, usiiache juani, usimruhusu mtu mwingine airushe. Akiuliza ile mikato iliyo chini ya manyoya, mwambie ni mapambo.

Nimeandika pia barua kwa mtu mwingine, ambayo haikuhusu kwa sasa. Una mdomo wa moto, Kavutha, tangu utotoni. Kuna mambo ni afadhali uyajue yakishatokea.

Fanya ninavyokuambia.

Muasya

*

Kangemi
14 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Ulidhani sitapima?

Niliipeleka kwa sonara mmoja Parklands, mzee anayepima dhahabu, mkewe hucheza klabuni. Akaiweka mmoja mmoja juu ya mizani yake ya kioo. Gramu thelathini na moja, yote sita, ule wa tano tu ulipungua kiasi kisichoonekana. Nikampa na punje zangu za mahindi apime. Tisini. Gramu thelathini na moja. Akaniuliza ni nani fundi anayeweza kufanya hivi kwa mkono. Nikamwambia ni mtu aliyemsahau ndugu yake.

Umemchongea Norman Kiragu mishale mizuri kuliko yote uliyowahi kuchonga! Jumamosi aliijaribu, yote sita ikaingia. Upinde ulinyamaza mkononi mwake kama umemzoea. Akaja kunishika mkono, mkono wangu huu, akasema, "Vutha, hii kitu ni authentic kabisa. Ume-save maisha yangu." Aliona ile mikato. Nikamwambia ni mapambo, kama ulivyotaka, akasema nzuri sana, akaipiga picha.

Alama ya baba, mikato mitatu na mmoja wa kukingama. Umeiweka kwenye mishale ya mtu aliyemuua! Nilipoiona nililia chooni mpaka wakaja kugonga mlango.

Usipoteze wino kunijibu kwa maneno matamu. Mishale inarudi kwangu kila jioni baada ya mazoezi, mimi ndiye ninayeitunza. Nina kipande cha chupa na nina subira. Nimeanza na mmoja, nimeukwangua mpaka umekaribia hamsini, nimeupaka mafuta huwezi kuujua kwa macho. Bado mitano na siku nane.

Kavutha

*

Mwingi
18 Februari 2025

Kavutha,

ACHA. Weka chini hicho kipande cha chupa. Nimemwambia Haron asipokupa barua hii mkononi kabla ya Jumamosi, mimi na yeye tutaonana.

Toa tena karatasi ya sheria usome namba tano. "Wapigaji wote watalenga mnyama mmoja wa majani. Waamuzi watachomoa mishale na kuhesabu kwa alama, kwa desturi ya Wakamba." Huyo bwana aliona maneno mazuri akayaandika, hakuuliza yana maana gani. Kwetu watu kumi wakipiga nyati mmoja, hakuna anayebishana nani alivuta. Mshale ni wa mwenye alama. Nyama ni ya mwenye alama, na ukimwingia mtu, kesi pia ni ya mwenye alama.

Ndiyo maana baba yako alisema ni wangu. Hakuwa mjinga, na hakuwa anamficha tajiri wake. Aliulizwa mshale ni wa nani akajibu kama tulivyomlea. Kavutha, mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa na miaka sita, alikana mshale wake uliokuwa umeua kuku wa watu, nikamchapa mpaka akarudia mara kumi, ni wangu, ni wangu. Mahakamani nilikaa benchi ya nyuma nikamsikia anarudia kwa sauti ile ile. Tangu siku hiyo sina usingizi wa mtu mzima. Usiniambie nimemsahau.

Mwamuzi mkuu kwenye karatasi yenu ni Kaindi wa Nuu. Kaindi ameoa kwetu. Ndiye niliyemwandikia.

Wewe unataka Norman akose na aumie. Akiumia watamwonea huruma, watampeleka hospitali na maua, na wewe utaulizwa nani alileta mishale. Halafu utasema ni yangu, kama baba yako. Mimi sitaki akose. Nataka apige, apige vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani, ndiyo maana ya punje tisini. Nataka ashinde kabisa, halafu Kaindi asome alama, tumsikie atasema nini. Hawezi kunyamaza. Mtu anayependa kushinda namna hiyo hawezi kunyamaza.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungemcheka usoni kabla ya siku. Sasa unajua. Huo uliokwangua uweke mbali, hata mbu asiuguse.

Muasya

*

Kangemi
24 Februari 2025

Baba Mkubwa wangu,

Haron alinipa barua yako Ijumaa saa nne asubuhi. Niliisoma nimesimama kwenye mtaro, nikarudia namba tano, nikacheka peke yangu watu wakageuka. Nisamehe kwa yale niliyokuandikia. Na lile la kuku sikulijua.

Sasa sikiliza, maana najua umekaa hapo unasubiri.

Siku ilikuwa ya jua. Magari yalijaa mpaka nje ya lango. Wapigaji walikuwa tisa, na yule mnyama wa majani walimtengeneza kama nguruwe pori, kitambi kikubwa. Kaindi na wenzake wawili walikuwa wamekaa na makoti yao mazito. Zachariah nilimkalisha mbele kabisa, na tajiri wake, mama mmoja anaitwa Ciru, yule jirani wa Norman, ambaye naye ni mwanachama, akashangaa kumwona hapo. Alimkaribisha soda.

Norman akapiga wa mwisho. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba podo la mishale. Mshale wa kwanza kifuani, wa pili kifuani, watu wakaanza kupiga makofi. Wa tatu, wa nne, wa tano, yote imebanana mahali pamoja. Baba Mkubwa, wewe ni fundi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Lete ya sita."

Ule mwepesi ulikuwa ndani ya koti langu. Uniambie nilikosea, lakini niliubeba. Upinde ulikuwa umeshapata moto, mkono wake ulikuwa hapo wazi, na nilikuwa naona shavu lake na jicho lake la upande huu. Nilikuwa nimeushika mpaka vidole vikaniuma. Nikasema, "Ni tano tu, sir. Moja ilipasuka jana." Usifikiri nilimhurumia. Nilitaka aendelee kushinda.

Kaindi akamwendea nguruwe, akachomoa mishale mmoja mmoja, taratibu, anaizungusha juani, anasoma. Mwaura, miwili. Kanini, mitatu. Kila mtu alikuwa amechora alama yake kama sheria ilivyotaka, ila Norman aliona ana mapambo tayari. Kisha Kaindi akasimama wima akasema, "Kitonga, mitano. Mshindi ni Kitonga."

Watu wakatazamana. Norman akacheka. Jina halikumgusa, maana kwake baba alikuwa soja tu, mlinzi asiye na jina, miaka yote kumi na moja. Akasema, "Kitonga gani? Hakuna Kitonga hapa. Hizo ni mapambo tu, mzee."

"Si mapambo," Kaindi akasema. "Ni mtu. Na sheria ni yako, iko kwenye karatasi yako. Mshale ni wa mwenye alama."

Kikombe kilikuwa pale mezani kinang'aa. Nikamwona Norman anakiangalia, halafu anawaangalia wageni wake, na mishipa ya shingo inamtoka. Akapaza sauti. "Wacha nikuambie, mzee. Alama inaweza kuwa ya huyo Kitonga, sawa. Lakini si yeye alipiga. Ni mimi nili-shoot! Kila mtu hapa ameniona!"

Zachariah akasimama. Sikumwambia asimame, naapa. Akasema polepole, "Rudia hapo, mkubwa."

Na akarudia, Baba Mkubwa! Hasira ilikuwa imemziba macho, hakuona hata anayemwuliza ni nani. "Nasema mshale ni wa Kitonga lakini ni mimi nilipiga!"

Zachariah akapandisha mguu wa suruali mpaka juu, kovu lile likaonekana kwa kila mtu. Akauliza, "Na huu ulioniingia hapa?"

Ndipo Norman alipomwangalia Zachariah, akaangalia mshale mkononi mwa Kaindi, halafu akaniangalia mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniangalia kweli. Nikamwambia, "Naitwa Kavutha Kitonga." Ciru akaweka glasi yake chini. "Norman," akasema, "ulituambia ulikuwa ndani ya nyumba. Uliapa." Norman akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni. Kama wageni wasingekuwepo ningemtemea mate, nakwambia ukweli.

Kaindi ndiye aliyechukua upinde mkononi mwake akanipa. Norman hakushindana naye. Aliondoka na gari akaacha mfuko wake, kofia yake, na kikombe mezani. Leo asubuhi Ciru amempeleka Zachariah kwa wakili, na wakili ameniomba nilete hukumu ya baba na wewe ulete ushahidi wako. Ameniambia jina la baba linaweza kusafishwa, na Norman anaweza kuulizwa maswali na polisi. Kazi bila shaka sina tena, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia.

Upinde uko hapa kitandani kwangu. Unanuka mafuta ya mtu mwingine.

Mwanao,
Kavutha

*

Mwingi
3 Machi 2025

Mwanangu Kavutha,

Barua yako mama yako Mbithe amenisomea kwa kupiga kelele sikioni, ingawa nilikuwa nimeshaisoma. Alitaka kuisikia kwa mdomo wake mwenyewe. Alipofika pale Norman aliporudia, alisimama akaenda nje, akakaa huko muda mrefu.

Watu wa kanisani wananiambia sasa nimwombee huyo mtu. Nitamwombea akishaulizwa na polisi. Nilidhani nikisikia nitabaki na uchungu ule ule, lakini sivyo. Nilikula ugali sahani mbili na nikalala mpaka jogoo wa pili.

Kwa wakili nitakuja, usiwe na wasiwasi. Nitavaa ile suti. Mwambie aongee kwa sauti.

Upinde usiukalie wala usiuegemeze ukutani, utapinda. Ulaze bapa, ufungue upote. Ufute hayo mafuta yake kwa kitambaa kikavu mpaka harufu iishe. Ukija Pasaka uje nao, na ile mitano, tuiweke mahali pake.

Na ule mwepesi usiutupe. Uje nao pia. Nataka kuuweka kwenye mizani yangu nihesabu ulibakisha punje ngapi, kisha uniambie kwa mdomo wako, nikikuangalia, mkono ulikuwa umefika wapi ndani ya lile koti. Baba yako angeniuliza, na sitaki kumdanganya.

Mbuzi ni wazima.

Baba yako mkubwa,
Muasya